Mdogo wangu anataka kwenda kazi Urusi, anasema Uganda haina ugomvi nao. Kweli atakuwa salama?

MamaRolex_Busia

Habari zenu jamani, naomba mawazo yenu maana hii wiki sijalala vizuri. Niko Busia upande wetu wa Uganda, nauza chapati na rolex, yaani chapati ya kuviringishwa na mayai, karibu na stendi, na hicho kibanda ndicho kimetulea watatu tangu mama atutoke. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 19, alimaliza S6 (kidato cha sita) mwaka jana, pointi hazikufika za kusomeshwa na serikali na mimi pesa ya chuo sina, nisiwadanganye. Sasa kapata mtu WhatsApp anamwambia kuna kazi Urusi, kazi ya hoteli, kupika na kuhudumia wageni, tiketi wanalipa wao, pa kulala wanatoa wao, mshahara dola 500 na kitu kwa mwezi, na Kirusi atafundishwa hukohuko. Walichompa kufanya ni gemu fulani ya kompyuta na mtihani wa maneno ya Kirusi, akapita, siku hiyo aliruka nyumba nzima mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Pasipoti keshaitoa, iko kwa ajenti Kampala.

Nikimwambia kule kuna vita ananijibu kama mbunge. Dada, vita iko Ukraine si Urusi. Dada, sisi Uganda hatuna ugomvi na Warusi, kule Umoja wa Mataifa hatukupiga kura ya kuwapinga, Lavrov, waziri wao wa mambo ya nje, alikuja mpaka Entebbe 2022 Mzee Museveni akampokea, sasa nani atanigusa? Hapo nanyamaza kwa sababu mimi siasa ninayoijua ni ya ngano na mafuta ya kukaangia.

Na hiyo nayo ndiyo iliyotufikisha hapa. 2022 vita ilipoanza lita ya mafuta kwetu ilitoka kama 6,000 ikapita 10,000, sabuni ya kufulia usiseme, ngano kila nikienda dukani bei mpya, mwenye duka mwenyewe aliacha kalamu akawa anaandika bei kwa penseli. Chapati nilikuwa nauza 500 na sikutaka kupandisha, wateja wangu ni watu wa boda na wabeba mizigo, kwa hiyo nikawa nasukuma nyembamba, nyembamba, mpaka siku moja kijana wa boda akainua ya kwake juani akaniambia "mama, leo naona Kenya yote." Tulicheka lakini jioni nikahesabu pesa nikakuta nimeshinda nafanya kazi bure. Mzee alituambia Siku ya Wafanyakazi mwaka ule, kama hakuna mkate kuleni muwogo, sawa, muwogo naupenda, lakini hebu jaribu kuuviringisha na mayai mawili uuite rolex. Akiba ya ada ya huyu mtoto iliishia pale kwenye mafuta, kwa hiyo nikimkataza kwenda najiona kama nina deni lake.

Swali langu ni hili: hii Uganda kukaa katikati inamsaidia mtu mmoja mmoja akiwa kule? Au ni mambo ya wakubwa tu? Na kuna mtu humu amefika huko pande zile anieleze bila kunitisha na bila kunipaka mafuta. Asanteni.

Kijana_wa_Tororo

Nnyabo mwache aende. Hapa kuna nini? Wasichana wangapi wameenda Saudi na Dubai wakajenga nyumba ya mama? Kila kitu cha mzungu tunaogopa, halafu tunabaki hapa kulia bei ya sabuni. Urusi ni nchi kubwa sana, vita iko pembeni tu huko. Dola 500 ni karibu milioni mbili kwa mwezi, mwalimu wa msingi hapati hiyo.

NilikuwaKharkiv

Mama Rolex pole dada yangu. Umeomba mtu aliyefika pande zile, mimi nilikuwa upande wa pili, Kharkiv, mwaka wa nne wa udaktari, vita ilipoanza 24 Februari 2022. Kharkiv iko karibu kabisa na mpaka wa Urusi, wengi mjini walikuwa wanaongea Kirusi, na mimi Kirusi nilikijua vizuri kwa sababu ndicho cha sokoni na cha wagonjwa wodini.

Siku ile alfajiri kama saa kumi na moja madirisha yakatetemeka. Mimi nilidhani ni lori la takataka, nikageuka nikalala, usinicheke, mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenivuta mguu. Tulishuka metro tukalala chini huko siku kadhaa juu ya makaratasi ya katoni, bibi mmoja Mukraine alikuwa na chupa ya chai na kifuniko kimoja, tunakunywa kwa zamu watu kumi hatujuani. Nataja hilo maana watu wakisikia hadithi ya mpakani wanadhani kila mtu kule alikuwa mbaya.

Baadaye tukapata treni ya kwenda Lviv, kusimama njia nzima, halafu mpakani. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mstari wa Waukraine ulisogea, wetu Waafrika ukasimama. Usiku mbili nje, baridi ile inaingia kwenye meno. Hayo si yangu peke yangu, tarehe 28 Februari Umoja wa Afrika ulitoa tamko kulaani habari za Waafrika kuzuiliwa kuvuka. Nyuma yangu mstarini kulikuwa na Mkenya, simuni ana ile video ya balozi wao Martin Kimani kwenye Baraza la Usalama, ile ya tarehe 21, alipoeleza jinsi sisi Afrika tulivyorithi mipaka ya wakoloni na hatukuamua kuichora upya kwa damu. Jamaa anaiangalia kwa majivuno kabisa huku miguu haihisi.

Sasa sikiliza hii ndiyo jibu la swali lako. Machi 2 nchi zikapiga kura New York. Kenya ikasema ndiyo, Urusi iondoke. Uganda ikajizuia. Siku hiyo mimi na yule Mkenya tulikuwa tumeshavuka, tumelala kwenye ukumbi mmoja Poland tunagombania soketi ya kuchajia simu. Sikujua hata kama kura imepigwa. Hakuna mtu njia nzima aliyeniuliza nchi yako imesimama wapi, si askari wa Ukraine, si wa Poland. Yeye nchi yake iliwaunga mkono waziwazi na aliganda kama mimi. Poland walitupa wote siku 15 za kukaa halafu kila mtu ajue kwao. Walichokuwa wanaangalia ni rangi ya pasipoti na rangi ya uso, basi.

Kwa hiyo mwambie huyo mdogo wetu, kura ni ya nchi, mstarini unasimama wewe.

DerevaMombasaKla

Mimi nina neno kwenye hizo bei kidogo, ya Urusi nawaachia wenyewe. Watu wanatupia kila kitu kwa vita. Petroli Uganda ilianza kukosekana Januari 2022, mwezi mzima kabla ya vita, tulikuwa tumekwama Malaba na Busia foleni ya kilomita na kilomita kwa sababu ya kupimwa covid mpakani. Nililala kwenye kabini siku tano, chakula kiliisha, kama si akina mama wa chapati sijui. Vita ikaja juu ya kidonda kilekile, ndiyo katikati ya mwaka lita ikapita 6,000.

Na mafuta ya kula hivyohivyo. Ukraine ndiyo ilikuwa inaongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti na Urusi ikiifuata. Sisi tunakaangia mawese zaidi, lakini alizeti ilipofungiwa Bahari Nyeusi dunia nzima ikakimbilia mawese, halafu Indonesia nao wakafunga mauzo ya nje mwishoni mwa Aprili karibu mwezi mzima ili watu wao wapate. Hapo mama wa Busia analia na hajawahi kuliona alizeti la Ukraine.

Ngano ndiyo Ukraine na Urusi kweli. Julai 2022 Waturuki na Umoja wa Mataifa waliwakalisha Istanbul wakakubaliana meli za nafaka zipite, ikapumua kidogo, Julai 2023 Urusi ikajitoa. Sasa mnielewe, bei ilipanda haraka kama ndege na ikashuka kama mimi na kontena mbili kwenye mlima wa Mau Summit.

Mama Rolex kibanda chako kiko upande wa maegesho au upande wa soko? Nafikiri nimekula kwako.

AfandeMstaafu_Bombo

Wanangu salaam. Mimi ni askari mstaafu, nakaa Bombo, Kiswahili changu ni cha kambini mtanivumilia.

Huyo binti hajakosea yote, na ndiyo maana dada yake anashindwa kumjibu. Kura ile ya Machi 2022 ilikuwa 141 wanaitaka Urusi itoke, 5 wanakataa na 35 wamejizuia. Sisi tulikuwa kwenye 35, pamoja na Tanzania, Burundi na Sudan Kusini. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa walikubali. Jumuiya moja, lori moja linapita kwa wote, na kura tatu kule, nne huku. Balozi wetu New York, Adonia Ayebare, alieleza wakati ule kwamba Uganda ilikuwa inasubiri kushika uenyekiti wa nchi zisizofungamana na upande wowote, kwa hiyo hatuwezi kuonekana tumeegemea. Uenyekiti tukaupata kweli, Januari 2024 pale Munyonyo.

Hiyo ni sababu ya mbele ya pazia. Nyuma ya pazia mimi askari naona chuma. Tulichukua kwa Warusi ndege sita za kivita za Sukhoi Su-30, 2011 na 2012. Spea ya Sukhoi huipati soko la Kisekka, hata ukimjua nani. Na kuna historia, Wasovieti walikuwa na sisi tangu uhuru, Mzee alisema Lavrov alipokuja tutampingaje mtu ambaye hajawahi kutudhuru. Mimi simlaumu kwa hilo. Lavrov alikuja Julai 2022, haikupita wiki mbili balozi wa Marekani kule Umoja wa Mataifa, Linda Thomas-Greenfield, naye yuko Kampala. Ukikaa katikati wote wanakubishia hodi, nchi maskini inafaidi hapo.

Lakini faida hiyo ni ya Ikulu, wanangu. Juni 2023 viongozi wa Afrika walikwenda kupatanisha, Ramaphosa wa Afrika Kusini, Macky Sall wa Senegal, Hichilema wa Zambia, Azali wa Komoro, waziri mkuu wa Misri. Sisi Mzee alikuwa na covid akamtuma Dakta Rugunda. Tarehe 16 wako Kyiv, kesho yake St Petersburg kwa Putin. Siku hiyo ya Kyiv ving'ora vililia na makombora yalirushwa mjini, wageni wakiwemo. Marais! Watu waliokuja kwa heri, wengine nchi zao zimejizuia kama sisi. Kama kombora halikungoja Ramaphosa anywe chai, litamngoja binti wa Busia?

Sasa ya kazi yenyewe. Mama, hiyo habari ya gemu ya kompyuta na mtihani wa maneno ndiyo iliyonitoa usingizini nikaomba mjukuu anisaidie kuandika. Kuna eneo la viwanda linaitwa Alabuga, jimbo la Tatarstan, kama kilomita 1,000 mashariki ya Moscow. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilichapisha uchunguzi kwamba wasichana wa Afrika wa miaka 18 hadi 22, wakiwemo wa Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, walichukuliwa kwa gemu na mtihani wa maneno 100, wakijua wanakwenda kazi za hoteli na mafunzo, wakajikuta kiwandani wanaunganisha droni za vita, zile za Shahed za Kiirani ambazo Warusi wanaziita Geran. Wengine walisema dawa wanazoshika zinawachoma ngozi. Na Aprili 2 ya mwaka huohuo Ukraine ilirusha ndege ndogo iliyogeuzwa kuwa droni ikapiga jengo la mabweni hapohapo, watu zaidi ya 10 wakaumia.

Sisemi ajenti wenu ni wa huko. Sijui. Lakini kwa kanuni zetu sisi askari kiwanda cha silaha ni shabaha halali, na anayelala mlango wa pili analala kwenye shabaha. Uganda haina ugomvi na Ukraine, lakini droni ikishapigiwa bolti na mkono wa Mganda, yule anayeangukiwa Kharkiv atasemaje?

NilikuwaKharkiv

Afande hapo mwisho umenichoma. Yule bibi wa chai bado huwa nampigia. Ana ndoo ya maji nyuma ya mlango na begi limefungwa tayari, anazitambua hizo droni kwa mlio, anasema ni kama pikipiki inapanda mlima. Sikuwahi kufikiria pikipiki hiyo inaweza kuwa imefungwa nati na msichana wa kwetu.

MamaRolex_Busia

Jamani nimesoma yote nimekaa chini. Dereva niko upande wa maegesho, kibanda cha mwavuli wa njano, na kama ni wewe wa kontena ya bluu una deni la soda mbili.

Mdogo wangu nimemsomea ya Afande. Kwanza alikasirika, akasema hizo ni propaganda za wazungu kwa sababu hawapendi Mwafrika aende kwa Mrusi. Halafu akaniuliza polepole, dada, hao wasichana walikuwa na miaka mingapi? Nikamwambia 18 hadi 22. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Swali la pili, je akibadilisha akili afanyeje na pasipoti yake kwa ajenti? Na nitajuaje kama kampuni ni ya kweli?

Kijana_wa_Tororo

Haya mimi sikujua ya droni. Lakini bado nasema, mkimzuia mtoto mumpe na kitu cha kufanya. Kumwambia usiende ni rahisi kwa mtu aliyeshiba.

SisterNtinda

Kijana wa Tororo hapo umesema kweli. Mimi nilifanya miaka mitatu kwenye ofisi ya kupeleka watu kazi nje, jina la ofisi nalihifadhi, niliacha kwa sababu zangu. Nikueleze tunavyojua ndani.

Kampuni yoyote inayopeleka Mganda kazi nje lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia na Kazi, na wizara ina mfumo wake mtandaoni unaitwa EEMIS ambao unaonyesha kampuni zenye leseni. Usimwamini ajenti akikutumia picha ya cheti, picha hata mimi naweza kukutengenezea nikiwa kwenye teksi. Nenda mwenyewe uandike jina la kampuni, na kama unaweza piga mguu mpaka wizarani uulize kama hiyo kazi ya Urusi, hiyo hasa, imepita kwao. Leseni ya Saudi haimaanishi leseni ya kila mahali. Kwa Saudi, Jordan na Falme za Kiarabu serikali ilisaini makubaliano, na hata hivyo kilio tunakisikia. Ukienda mahali ambapo hata hicho kikaratasi hakipo utalia kwa nani? Ubalozi wetu uko Moscow, Afande amesema Tatarstan ni kilomita 1,000, hiyo ni kama kutoka Busia uende Kampala na kurudi mara mbili na nusu, na simu yako labda wanaikagua.

Na msidhani ni wasichana tu. Wavulana wanaitwa kazi ya ulinzi au udereva wakifika wanawekewa karatasi za jeshi. Novemba 2025 waziri wa mambo ya nje wa Ukraine, Sybiha, alisema wametambua Waafrika 1,436 kutoka nchi 36 kwenye jeshi la Urusi. Mwezi huohuo Afrika Kusini wakasema vijana wao 17 wamekwama Donbas, mashariki ya Ukraine kwenye mapigano, wanaomba kurudishwa. Na Tanzania walikuwa na kijana wao, mwanafunzi Moscow, akafungwa, akaahidiwa msamaha akipigana, akafa huko Oktoba 2022, mwili ukaletwa Januari. Tanzania nayo ilijizuia kwenye ile kura, angalia.

Pasipoti si ya ajenti. Mwambie unaihitaji kwa jambo la benki au la hospitali, usiingie vita naye kwenye simu, nenda na mtu mzima wa kiume na mtu mmoja asiyeongea sana. Akikataa nenda polisi na nakala yako. Una nakala? Na mkataba mmeusoma?

MamaRolex_Busia

Nakala ipo. Mkataba upo kwenye simu yake, kurasa nne, Kirusi upande mmoja na Kiingereza upande mwingine lakini Kiingereza kimeisha ukurasa wa pili. Sisi tulisoma hizo mbili tu, zilikuwa nzuri. Kharkiv nimekutumia kule pembeni, nisamehe kwa kukusumbua usiku, nimeficha jina lake na la kampuni kwa unga kidogo, nilikuwa nakanda.

NilikuwaKharkiv

Nimeupata, unga na yote. Nimesoma mara mbili nisije nikasema uongo.

Ukurasa wa kwanza na wa pili ni sawa na mlivyoambiwa, karibu, mafunzo, malazi. Ukurasa wa tatu, ule wa Kirusi peke yake, jina la kazi si la hoteli. Limeandikwa *operator proizvodstva*, yaani mtu wa kuendesha uzalishaji, mtu wa kiwandani. Uzalishaji wa nini hawakusema. Chini yake kuna kipengele kwamba hataeleza mtu yeyote nje kuhusu kazi anayofanya wala kupiga picha, hata baada ya mkataba kuisha. Nimefanya kazi mgahawani nikiwa mwanafunzi, dada, hakuna aliyewahi kunisainisha nifiche siri ya supu.

Ukurasa wa nne ni pesa. Tiketi wanalipa kweli, lakini akiacha kabla ya muda analipa tiketi, na viza, na mafunzo, na malazi ya nyuma. Jumla hawajaandika, wameacha nafasi wazi. Nafasi wazi juu ya sahihi ya mtu.

Pia mahali pa kazi wameandika jimbo tu, si mji wala anwani. Silitaji humu kwa sababu si mimi mwenye mkataba, lakini Mama Rolex nimekuandikia pembeni, ulinganishe na alilosema Afande.

AfandeMstaafu_Bombo

Mama, ukishalinganisha usituambie humu. Mwambie binti. Na mpe na salamu zangu, mwambie kosa ni la aliyeficha ukurasa wa tatu, yeye hajafanya ujinga wowote.

MamaRolex_Busia

Nimelinganisha.

Nimemwonyesha usiku huuhuu, tukaweka simu katikati ya meza kama mgonjwa. Kharkiv, alisoma mwenyewe yale maneno uliyomwandikia kwa herufi zetu, operator, operator, akayarudia, maana lile neno lilikuwamo kwenye mtihani wake wa maneno na alilipata. Ndilo lililomliza. Baadaye akachukua kijiti cha kusukumia akaanza na yale madonge niliyoyaacha, saa sita ya usiku, anasukuma nene kabisa, nikamwacha.

Amekubali tukachukue pasipoti kesho. Sister Ntinda nimeandika jina la wizara kwenye karatasi. Ya chuo tutajua, kuna kozi ya umeme wa jua hapa Busia miezi sita nitauliza bei Jumatatu. Sasa sina mtu mzima wa kiume wa kwenda naye, mjomba yuko Mbale na mguu unamsumbua. Kuna mtu Kampala wa kutusindikiza?

DerevaMombasaKla

Mama mimi navuka Busia saa kumi alfajiri nikimaliza karatasi za forodha. Kontena ya bluu ndiyo. Nakubebeni wote wawili, nashusha mzigo Nakawa kabla ya saa sita nikipata barabara, halafu naja nanyi kwa huyo ajenti na turnboy wangu, ni mkubwa na haongei. Leteni chapati sita, zile nene, na soda mbili nitalipa.

SisterNtinda

Nitawasubiri Nakawa. Binti aje na kitambulisho cha taifa na ile nakala.